Tuwaache Dodgers, Tuwaulize Wanaobana Pesa

Kila ninapopita siku hizi, kuanzia kazini hadi kwa kinyozi hapa Scarborough, Toronto, wanaozungumza besiboli wanaimba wimbo mmoja: Dodgers, timu ya Los Angeles, wameuharibu mchezo. Wamechukua World Series, yaani fainali ya ubingwa, ya 2024, wakachukua na ya 2025, halafu Januari 2026 wakamsajili Kyle Tucker kwa dola milioni 240 za miaka minne. Hiyo ni milioni 60 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Basi watu wanasema: uwekwe ukomo wa mishahara, kiwango ambacho timu haiwezi kukipita katika kuwalipa wachezaji wake, tumechoka.

Mimi ni shabiki wa Toronto Blue Jays. Kama kuna watu wenye haki ya kuwachukia Dodgers ni sisi, maana kombe la mwaka jana walilitwaa kwetu, Rogers Centre, mbele ya macho yetu. Hata hivyo nasema ukomo wa mishahara si dawa, na wanaoupigia debe wanaweza kutufungia mchezo huu wakati ambapo haujawahi kuwa mtamu hivi.

Kwanza turudi kwenye mechi yenyewe, kwa sababu hoja yangu inaanzia pale. World Series huchezwa hadi timu moja ishinde mechi 4 kati ya 7. Tulifika 3-3. Mechi ya saba ilikuwa tarehe 1 Novemba. Raundi ya tatu tu, Bo Bichette, ambaye goti lilikuwa bado linamsumbua, alimpiga Shohei Ohtani, aliyekuwa akiwarushia Dodgers mpira, homurani ya pointi tatu, yaani pigo linalovuka uzio. Tukaongoza, wakasogea, tukaongoza tena, hadi raundi ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho. Ubao unasoma 4-3, tunahitaji kuwatoa watu wawili tu. Akaja Miguel Rojas, mtu wa miaka 36 ambaye hakuna aliyewahi kumhesabu miongoni mwa wapiga homurani, akaupeleka mpira nyuma ya uzio wa kushoto. 4-4.

Ikafika zamu yetu kupiga. Beisi zote tatu zimejaa watu wetu na ametolewa mmoja tu. Mkimbiaji mmoja akigusa beisi ya nyumbani, Toronto ni bingwa kwa mara ya kwanza tangu 1993. Daulton Varsho akapiga mpira wa chini ukaenda kwa huyohuyo Rojas. Rojas akapepesuka, nusura aanguke, akaurusha kwa mdakaji wao, Will Smith. Isiah Kiner-Falefa anateleza kutoka beisi ya tatu. Unyayo wa Smith ulinyanyuka kidogo juu ya beisi, ukashuka tena, na hapohapo mguu wa Kiner-Falefa ukawa unafika. Waamuzi wakaenda kwenye video. Ametoka: Smith alikuwa ameigusa beisi akiwa na mpira kabla yake.

Watu wengi walimlaumu Kiner-Falefa kwamba alisimama karibu mno na beisi ya tatu. Mimi simlaumu. Usiku wa kuamkia siku ile, mechi ya sita iliishia kwa Addison Barger kunaswa mbali na beisi ya pili baada ya mpira wa hewani kudakwa. Timu iliyotoka kuchomwa vile lazima iwaambie wakimbiaji wake wasisogee mbali. Tatizo ni kwamba tahadhari ya jana ilikuwa ndiyo kosa la leo, na besiboli haikupi nafasi ya kusahihisha. Raundi ya 11 Smith akapiga homurani, na Yoshinobu Yamamoto, ambaye jana yake tu alikuwa amerusha mipira 96, akatumalizia kazi. 5-4.

Sasa niambieni, ni wapi hapo pesa ilipotushinda? Yamamoto, sawa, ana mkataba wa dola milioni 325 kwa miaka 12, na alistahili kila senti. Lakini aliyetusawazishia na kisha kutupokonya ushindi mdomoni ni Rojas, na mshahara wake wa mwaka ule ulikuwa dola milioni 5, ambazo katika ligi hii ni pesa ya mchezaji wa kawaida. Kikosi cha Dodgers kilikuwa chali katika mechi ile. Mguu mmoja ungetangulia kidogo, leo tungekuwa tunaandika historia nyingine kabisa, na hakuna mtu angesema mchezo umeharibiwa.

Halafu tuwe wakweli kuhusu sisi wenyewe. Desemba 2023 nusu ya jiji hili ilikuwa inafuatilia ndege kwenye simu, kwa kuwa ilivuma kwamba Ohtani yumo ndani anakuja kusaini Toronto. Hakuwemo. Siku iliyofuata alitangaza Dodgers, dola milioni 700. Tulimtaka kwa nguvu zote. Tucker naye tulimtaka. Aprili mwaka jana Vladimir Guerrero Jr. alipewa dola milioni 500 za miaka 14, nikafurahi kama vile ni ndugu yangu aliyepata. Na baada ya kufungwa hatukukaa kulia: amekuja Dylan Cease kwa milioni 210 za miaka saba, akaja Kazuma Okamoto kutoka Japani. Shabiki wa timu inayomwaga pesa namna hii hawezi kusimama kesho akasema jirani anamwaga mno.

Na pesa hizo hazitoi uhakika hata kidogo. Blue Jays ya 2024 ilimaliza mkiani mwa kundi lake, ushindi 74 na vipigo 88. Mwaka uliofuata, ikiwa na wachezaji wengi walewale, ikashinda 94, ikaongoza kundi, kisha George Springer akawapiga Seattle Mariners homurani ile ya raundi ya saba iliyotupeleka World Series. New York Mets walimpa Juan Soto milioni 765, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya besiboli, na 2025 hawakufika hata hatua ya mtoano. Nafasi yao walichukua Cincinnati Reds. Timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote msimu ule ilikuwa Milwaukee Brewers, ushindi 97, timu ya jiji dogo. Kati ya 2015 na 2024 makombe 10 yaligawanywa kwa timu 8.

Wanaotaka ukomo husema tazameni ligi nyingine. Haya, tutazame. Ligi ya futiboli ya Kimarekani ina ukomo mkali, na Kansas City Chiefs walicheza Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara 5 katika misimu 6 kuanzia 2019. Ligi ya hoki ya barafu ina ukomo tangu 2005, na Maple Leafs wa hapahapa Toronto, wenye mashabiki waaminifu kuliko mashabiki wowote ninaowajua, mara ya mwisho kubeba kombe ni 1967. Ukomo haukuwasaidia kitu.

Kinachonikera mimi ni wamiliki wasiotumia. Ligi Kuu ya Besiboli ina utaratibu wa kugawana mapato, timu kubwa zinachangia na ndogo zinapokea. Pia kuna kodi ya anasa kwa timu ambayo mishahara yake inapita kiwango fulani, ambacho kwa 2026 ni dola milioni 244. Kwa hiyo pesa ya Dodgers inazunguka na kuwafikia wengine. Swali ni wanaopokea wanaifanyia nini. Pittsburgh Pirates wana Paul Skenes, mrushaji bora mwaka jana wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, kijana ambaye akisimama kilimani pa kurushia wapigaji wanaonekana kama wamefungwa macho. Wastani wake wa pointi alizoruhusu kwa kila raundi tisa ulikuwa 1.97 tu. Rekodi yake? Ushindi 10, vipigo 10, kwa sababu wenzake hawakumpigia pointi za kumtosha. Pirates hawajaonja mtoano tangu 2015. Kumpata mchezaji wa aina ile na kumwacha peke yake ni dhambi, na hakuna ukomo wa mishahara utakaomlazimisha mmiliki kumwekea watu pembeni yake. Kima cha chini cha lazima cha matumizi ndicho kingemlazimisha. Hicho ndicho ningetaka mashabiki tukipigie kelele.

Oakland ni mfano mchungu zaidi. Juni 2023 mashabiki wa Athletics, timu ya mji huo, walijaa uwanjani kwa makusudi, zaidi ya 27,000, wamevaa fulana zenye neno moja la kumtaka mmiliki, John Fisher, aiuze timu. Hakuuza. Septemba 2024 walicheza mechi ya mwisho pale, wakashinda 3-2, wakafungasha. Sasa wanacheza West Sacramento katika uwanja wa timu za daraja la chini wakisubiri uwanja mpya Las Vegas. Mji ule ulikuwa umebeba makombe 4. Ukiniuliza ni nani ameumiza besiboli zaidi katika miaka hii, sitakutajia Los Angeles.

Sisemi Dodgers hawana upendeleo wowote. Wana mkataba wa televisheni wa miaka 25 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8, wakati timu nyingi ziliachwa hoi pale kampuni iliyorusha mechi zao za mikoani ilipofilisika 2023. Hilo pengo ni la kweli na linahitaji kuzibwa kwa kuziweka haki za matangazo kapu moja. Na suala la malipo ya kuahirisha nalo lina walakini: Ohtani anachukua milioni 2 tu kwa mwaka, milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034. Mimi ningeweka mipaka hapo. Lakini kurekebisha hayo mawili ni tofauti kabisa na kuwaambia wachezaji wote wapunguze mkate wao.

Na hapa ndipo hofu yangu ilipo. Mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Wachezaji wameshasema miaka nenda rudi kwamba ukomo hawaukubali. Wamiliki wakiung'ang'ania, milango itafungwa, na msimu wa 2027 unaweza kuliwa.

Kanada tunajua bei ya ugomvi huu. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi bado akilizungumzia sauti inabadilika. Mwaka 1994 wamiliki walidai ukomo, wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti, World Series ikafutwa. Siku ile timu iliyokuwa na rekodi bora kuliko zote ilikuwa Montreal Expos, ushindi 74 na vipigo 40. Hawakupata tena nafasi kama ile. Waliwauza nyota wao, uwanja ukabaki mtupu, na baada ya msimu wa 2004 timu ikahamishiwa Washington. Blue Jays tuliokuwa mabingwa wa 1992 na 1993 hatukurudi kwenye mtoano hadi 2015. Wakubwa wawili waligombana juu ya mishahara, na jiji zima likapoteza timu yake. Wanaosema "bora wafunge mwaka mmoja wasawazishe mambo" hawajakaa na mtu wa Montreal.

Yote hayo wakati mchezo uko katika afya njema. Saa ya kumbana mrushaji asichelewe kurusha, iliyoletwa 2023, ilipunguza takriban dakika 24 katika kila mechi, sasa hata mwenye zamu ya alfajiri anaweza kumaliza kutazama akalala. Mwaka huu kinaingia kitu kingine ninachokisubiri kwa hamu: mchezaji anaweza kupinga uamuzi wa straiki (mpira uliopita eneo la kupigika) au boli (uliopita nje yake) kwa kugonga kofia yake, na kamera zikatoa jibu hapohapo. Kila timu ina nafasi mbili, ukishinda rufaa unabaki nayo, na wenye ruhusa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji peke yao. Kocha hana sauti. Nimeupenda kwa sababu mwamuzi anabaki binadamu, na uamuzi wa kupinga unabaki kwa aliyeuona mpira kwa macho yake.

Wapo wanaohofia kwamba utamdhuru Alejandro Kirk wetu, ambaye kipaji chake kikubwa ni kuudaka mpira wa pembeni kwa utulivu hadi mwamuzi aamini ni straiki. Naona kinyume. Jicho lile lililokuwa linamshawishi mwamuzi ndilo litakalojua wakati wa kugonga kofia. Isitoshe, eneo la straiki sasa linapimwa kwa urefu wa mpigaji, kuanzia asilimia 27 ya kimo chake hadi asilimia 53.5, na Kirk ana sentimita 173 tu. Atakapokuwa na gongo mkononi, warushaji watakuwa na kidirisha kidogo sana cha kulenga.

Bichette ameondoka kwenda Mets, na hilo linauma, sitaficha. Alikua hapa, na homurani ile ya mechi ya saba ilitosha kumjengea sanamu. Okamoto hatajaza pengo lake peke yake. Lakini Trey Yesavage, aliyeanza mwaka jana katika daraja la chini na akamaliza kwa kuwatoa Dodgers 12 kwa straiki katika mechi moja ya World Series akiwa na miaka 22, sasa ana Cease wa kumfundisha. Kundi letu ni gumu, Yankees hawajalala na Boston wanapanda. Nawaweka Jays juu kwa tofauti ya mechi mbili au tatu.

Tunafungua nyumbani mwishoni mwa Machi, na wageni ni haohao Athletics. Wana vijana wazuri kweli, akiwemo Nick Kurtz, aliyepiga homurani nne katika mechi moja Julai iliyopita. Nitamshangilia Kurtz kidogo, kwa ajili ya watu wa Oakland. Kisha mwanzoni mwa Aprili wanakuja Dodgers, na nimeshanunua tiketi, upande wa beisi ya tatu.