Pazia la sikukuu

Jamani mie na mke wangu tunasemeshana, lakini kwa shida, na yote sababu ya pazia.

Kumi la mwisho la Ramadhani lishaingia, bibie kaangalia dirisha la sebuleni akanambia pazia hili limechoka, wageni wa sikukuu watatusema. Haya, n'kaenda kwa fundi. Fundi kazungukwa na makanzu na magauni ya watoto mpaka haonekani, kichwa hakuinua, akasema njoo baada ya sikukuu. Wa pili akanitajia bei, nikamuuliza kwani pazia hilo na dirisha juu? Nikarudi kifua mbele, ntashona mwenyewe! Pazia kitu gani bwana, halina mikono wala kola.

Sie tunakaa hapa majumba ya Michenzani, chini kabisa, yale walosaidia kujenga Wajerumani wa Mashariki, yamenyooka kama rula. Nikapima dirisha, futi 6, nikenda Darajani nikakata wari 2 barabara. Muuzaji ananiuliza, "Marinda umehesabu?" Nikamwambia yakhe, mie navisha dirisha sivishi bi harusi. Kumbe pazia lataka hata mara mbili ya dirisha ndo likae na marinda yake, na pindo mbali. Asinambie! Lakini muuzaji gani wa Darajani kumi la mwisho ana muda wa kusomesha mtu.

Basi baada ya tarawehe nikaitoa charahani ya mguu ya marehemu bibi yake mke wangu. Kutunga uzi tu nusu saa, naulamba natunga naulamba natunga, bora ilikuwa usiku maana mchana saumu ingekwenda na mate. Halafu huo mguu wenyewe, ukikanyaga vibaya gurudumu larudi nyuma, uzi wote unajifunga huko chini kama nyavu ilokamata jabali. Nikatia mafuta, ikawa laini kweli, ikanidondoshea doa katikati ya pazia. Mara umeme ukakatika. Charahani ya mguu haina haja na umeme, macho yangu yanayo. Simu nikaiuma kwa meno, tochi ikawaka, nikaendelea.

Na hapo ndo nlipopata mwendo! Tatatatata, mwenyewe nasema kumbe mafundi wanatuibia, upande mzima ukaisha. Mara "Hodi!", sauti ya mama mkwe, kaleta mikate ya ufuta. Nikainuka kumpokea, pazia likainuka na mie, charahani nayo ikaanza kuja. Nimekishona kikoi changu na pazia, na mwenyewe nimo ndani yake! Nikakaa haraka, "Karibu mama," siinuki, mama wa watu kasimama na mikate yake anashangaa mkwe gani huyu, na umeme nao ukaona ndo wakati wa kurudi.

Nikakivulia chumbani, n'kavaa suruali, tukalitundika pazia na kikoi chake. Futi 6 ukitoa pindo huku na huku, likabaki wazi shibiri nzima. Nikachukua wembe nifumue kikoi, mama mkwe akatazama dirisha akasema, "Usikifumue, kinaziba." Mke wangu akaitikia bila hata kuniangalia, kikoi changu chekundu, bado kipya!

Sikukuu mosi watoto wanapita kwenda viwanja vya sikukuu, hawabishi hodi mlangoni kama watu, wanagonga dirisha: "Mzee wa kikoi, mkono wa Iddi!"