Dole Laini

Mimi nakaanga chipsi Mwanjelwa. Viazi vya Umalila namenya mwenyewe, ndoo tatu kila asubuhi, na kisu kimenikwangua dole gumba mpaka limekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Balaa lote lilianzia kwenye hilo dole.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, mwisho ikawa 31 Desemba, na sisi kwa kupenda dakika za majeruhi tukasogezewa hadi 20 Januari 2020. Nikaenda siku za mwisho, foleni imefika mtaroni. Kijana wa chini ya mwavuli akalikandamiza dole langu kwenye kimashine.

"Mzee, hakijasoma. Weka tena."

Nikaweka.

"Bado. Pangusa mafuta."

Nikapangusa kwenye suruali. Mara nne! Nikamshukuru, ndaga fijo, na chipsi kavu nikamwachia.

Juzi juzi mama Atu kasikia redioni kwamba ukibonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Akachukua simu yangu. Nikiwa nageuza viazi nikasikia kimya. Wanaume wenzangu kile kimya mnakijua.

"Baba Atu, una laini ngapi?"

"Moja, mama."

"Serikali inasema nne."

Nikamweleza habari za mwavuli. Akauliza hizo tatu zinampigia nani. Nililala sebuleni siku mbili, na usiku wa Mbeya mwezi Julai si wa kulala sebuleni.

Nikakumbuka kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ipo kwa sheria ya mwaka 2003, ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya, na ndiyo inayozipa kampuni leseni na kuzipiga faini zikikiuka masharti. Nikajua nimempata wa kunisemea. Kumbe kuna utaratibu: unaanza kulalamika kwa kampuni yenyewe, isipokuridhisha ndipo unapanda kwa mamlaka. Nilinuna, maana ni kama kumshtaki mwizi wa kuku kwa mwizi. Lakini hata ugomvi wa ndoa hauanzii kwa askofu, unaanzia kwa mshenga.

Jioni ile ile ikaingia meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii." Siku zote meseji kama hiyo naipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, nakwenda zangu. Safari hii mama Atu akaidaka, akajifanya anatuma shilingi mia tano ili aone jina. Jina likaja. Langu! Kamili, mpaka la babu.

Nimetapeliwa na mimi mwenyewe, tena bila hata salamu.

Mama Atu alicheka mpaka akakalia ndoo ya viazi. "Nilidhani una mchepuko, kumbe una tapeli." Usiku ule nikarudishiwa blanketi langu.

Kesho yake tukaenda wote kwenye duka la kampuni (jina nalihifadhi, bado nadai bando langu). Binti wa kaunta mpole kweli, anasikiliza, anaandika. "Pole sana, baba. Laini hizo tunazifunga. Tuhakiki tu kwanza, weka kidole."

Nikaweka.

"Hakijasoma. Weka tena."

Mama Atu akanidaka mkono ukiwa hewani.