Windows 10: Laptopu nzima, mlango umefungwa

Ingia steshenari yoyote iliyo jirani na chuo, pale wanafunzi wanapojaziwa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Si ajabu ukaikuta HP EliteBook 840 G3 mezani: mashine iliyotumika kwenye ofisi za Ulaya, ikauzwa kwa jumla, ikatufikia sisi. Inawaka, inaskani, inachapisha. Ila tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft haiipelekei tena Windows 10, mfumo unaoiendesha, viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya) kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 haiikubali mashine hii, kwa sababu prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha sita ilhali zinazokubaliwa, karibu zote, zinaanzia cha nane.

Hoja ya Microsoft ina uzito. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na miaka kumi ya kuhudumiwa bure si haba. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, na kiraka cha kuizuia kilikuwepo tangu Machi. Aliyeyaona hayo ana sababu ya kudai TPM 2.0, sehemu ya kompyuta inayotunza funguo za siri mahali ambapo mdukuzi hafiki kirahisi.

Lakini 840 G3 inaweza kuwekewa TPM 2.0 na bado ikakataliwa kwa ajili ya prosesa. Mafundi wanaijua njia ya kulikwepa katazo hilo, na Windows 11 ikishaingia inafanya kazi. Mwaka 2021 Microsoft yenyewe ilichapisha maelekezo ya namna hiyo, pamoja na onyo kwamba masasisho hayana uhakika, kisha ikayaondoa mwanzoni mwa 2025. Basi suala la uwezo wa mashine tuliweke kando.

Desemba 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta milioni 240 zingeweza kuishia kuwa taka kwa uamuzi huu. Takwimu hii imenukuliwa sana, na karibu kila mara kama habari ya majalala. Mimi naisoma vingine. Ofisi ya Ulaya haitupi laptopu inayowaka, inaiuza. Thamani yake ikishaporomoka huko, mnunuzi aliyebaki ni yule asiyeweza kununua mpya, na huyo yuko Kariakoo, Dar es Salaam, yuko Luthuli Avenue, Nairobi. Ataiona bei imeshuka na atadhani amepata bahati. Kisha ataiweka dukani, na kila siku watu watafungulia humo barua pepe zao, watapakia vyeti vyao, wataandika namba zao za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Kabla hazijawa taka, nyingi kati ya mashine hizo zitakuwa madaftari ya siri za watu wasio na habari kwamba hazilindwi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko milima ya plastiki.

Ni kweli kuna nyongeza ya muda. Mwenye kompyuta ya nyumbani anaongezewa viraka hadi Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila kulipa akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Shule zina bei yao, kuanzia dola 1. Mwenye steshenari, kwa kuwa anafanya biashara, anaangukia bei ya kampuni: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Jumla dola 427, zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Anaambiwa ahamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ambao ni wa bure na mzuri, lakini wateja wake wanakuja na kazi za Word na Publisher, na wanataka zichapishwe kama zilivyo.

Septemba 2025, baada ya watetezi wa watumiaji kupiga kelele, watumiaji wa nyumbani katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya waliondolewa sharti la kulipa au kuhifadhi mipangilio. Huku kwetu limebaki. Na viraka vyenyewe vitaendelea kutengenezwa hadi Oktoba 2028, kwa ajili ya kampuni zinazolipa. Kazi hiyo itafanyika kwa vyovyote. Kuvituma pia kwenye mashine ambazo Microsoft yenyewe imezizuia kuingia Windows 11 kungeigharimu kidogo sana.