Kati ya 2.0 na 3.0: Pale Ufadhili wa Jimbo Unapogeuka Mkopo

Mwanafunzi wa chuo cha umma katika jimbo la Georgia, Marekani, aliyepata ufadhili wa HOPE na kudumisha wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0, analipiwa ada na jimbo. Siku ya kupimwa ikimkuta na 2.9, ufadhili unakatika. Chuo hakimfukuzi. Serikali kuu nayo haimnyimi mkopo, kwa kuwa kwenye fedha zake vyuo vingi huhesabu wastani wa 2.0 kuwa maendeleo ya kuridhisha. Kwa hiyo kati ya namba hizo mbili kuna eneo pana ambamo kijana anafaulu mitihani, anapanda mwaka, anaelekea kuhitimu, lakini aliyekuwa akisomeshwa na jimbo sasa ni mdaiwa wa serikali kuu.

Nimeanza na eneo hilo makusudi. Watu hujadili ufadhili wa majimbo upande wao, na mikopo upande wake, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Mimi naona ni jambo moja. Masharti ya jimbo kuhusu nani anastahili ndiyo yanayopanga nani atakopa, kiasi gani, na mwaka upi. Mzazi anayeisoma barua ya ufadhili bila kuuliza mkopo umekaa wapi, ameisoma nusu.

Kwanza mpangilio wenyewe, kwa kifupi. Mlango ni fomu ya serikali kuu inayoitwa FAFSA, inayojazwa bure kila mwaka. Kutokana na fomu hiyo hupimwa uwezo wa familia, na mwenye uhitaji hupata ruzuku ya Pell, isiyolipwa tena, ambayo kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 haizidi dola 7,395. Juu yake huja fedha ya jimbo, kila jimbo na masharti yake. Kisha huja msaada wa chuo chenyewe, kama upo. Pengo linalobaki ndilo linalojazwa kwa mkopo.

Georgia inastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu majimbo mengine mengi yaliiga kwake. Wapiga kura waliidhinisha bahati nasibu ya jimbo mwaka 1992, enzi za Gavana Zell Miller, na mwaka 1993 mapato yake yakaanza kulipia masomo. Mwanzoni kulikuwa na ukomo wa kipato: familia isizidi dola 66,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata ukomo ukapandishwa hadi 100,000, na mwaka 1995 ukaondolewa kabisa. Tangu hapo HOPE haiulizi baba anapata kiasi gani, inauliza alama.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito, na sipendi kuzipita juu juu. Kigezo cha alama kinaeleweka na mtoto wa darasa la tisa. Hana haja ya kungoja hesabu za kipato zilizofichwa ndani ya fomu. Anajua akisoma kwa bidii analipiwa. Jimbo nalo linabaki na vijana wake, maana aliyekuwa afunge safari kwenda chuo cha jimbo jingine anapata sababu ya kusoma nyumbani na pengine kufanya kazi nyumbani. Tena ufadhili unaowagusa watu wa kipato cha kati hupata watetezi wengi bungeni. Mpango wa maskini peke yao ndio huwa wa kwanza kukatwa bajeti ikibana. Florida iliona mantiki hiyo hiyo ilipoanzisha ufadhili wake wa Bright Futures mwaka 1997, nayo kwa fedha za bahati nasibu.

Upande wa pili unauliza: ni nani hasa anayepata 3.0, na ni nani anayenunua tiketi? Imeonekana mara nyingi kwamba familia za kipato cha chini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chao kwenye bahati nasibu kuliko wenye nacho. Na mwanauchumi Susan Dynarski, alipoichunguza HOPE ya miaka ya mwanzo, aligundua kwamba iliongeza kweli idadi ya vijana wanaokwenda chuo, lakini ongezeko hilo liliwaendea zaidi wa kipato cha kati na cha juu, na pengo kati ya weupe na weusi likapanuka. Fedha nyingi zilimlipia kijana ambaye angekwenda chuo hata bila hizo.

Mimi hapo naona kasoro nyingine isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni ukali wa ule mstari wa 3.0. Watafiti waliowafuatilia wanafunzi wa Georgia waliona kwamba baadhi yao walipunguza idadi ya masomo na kujiondoa madarasani ili kulinda wastani. Si uvivu huo. Ukijua kwamba C moja ya kemia inaweza kuingiza familia yako kwenye deni, utaikimbia kemia. Jimbo lilitambua tatizo: sheria ya mwaka 2016 iliruhusu masomo magumu ya sayansi, hisabati na uhandisi yaongezewe nusu pointi wakati wa kuhesabu wastani wa HOPE. Ni marekebisho mazuri. Yamekuja zaidi ya miaka 20 tangu mpango uanze, na mstari wenyewe bado uko palepale: 3.0 unapata, 2.9 hupati.

Nani huangukia chini ya mstari huo? Mara nyingi ni yule anayefanya kazi za usiku ili kulipa kodi ya chumba. Ada imelipwa, lakini HOPE haimlipii chakula wala nyumba, kwa hiyo anafanya kazi. Kazi inakula muda wa kusoma, wastani unashuka, ada nayo inakuwa mzigo wake. Mwenzake ambaye wazazi wanamlipia chumba ana saa nyingi zaidi za maktaba. Wote wawili wanapimwa kwa mstari mmoja.

Njia ya pili ni ile ya Tennessee. Tennessee Promise, iliyopitishwa mwaka 2014 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2015, haidai alama za juu za sekondari. Inadai mambo mengine: ujaze FAFSA, uanze chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) au cha ufundi mara baada ya sekondari, usome bila kukatiza, na kila muhula ufanye saa nane za kazi za kujitolea. Kwa masharti hayo ada inalipwa. Lakini jimbo linalipa mwisho, baada ya misaada mingine yote kutoa chake. Wenyewe huiita dola ya mwisho.

Chukua vijana wawili katika chuo cha jamii chenye ada ya dola 4,500 kwa mwaka. Namba hii ni ya mfano tu. Wa kwanza ni mtoto wa mama anayefanya usafi hotelini, na anastahili Pell kamili, dola 7,395. Pell inalipa ada yote, zinabaki 2,895, na Promise haina pengo la kujaza. Wa pili ni mtoto wa wazazi wa kipato cha kati, hapati Pell hata senti. Promise inamlipia zote 4,500. Fedha ya jimbo imekwenda kwa wa pili.

Ukisikia hivyo mara ya kwanza unakasirika. Ila mtetezi wa mpango atakuambia utazame tena: wote wawili ada yao ni sifuri, na wa kwanza ana dola 2,895 mkononi ambazo mwenzake hana. Jimbo limetumia kidogo likafikia wengi, na neno “bure” limewavuta vijana ambao wasingeijaza FAFSA kamwe, wakagundua kumbe Pell ilikuwa ikiwangoja. Hoja hiyo ni ya kweli. Tennessee imekuwa miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa wanafunzi wa sekondari kujaza fomu hiyo. Lakini dola 2,895 kwa mwaka hazilishi mtu, hazimlipii nauli na vitabu, wala hazimsaidii mama yake na kodi ya nyumba. Wa pili ana meza ya chakula nyumbani. Wa kwanza atakopa kwa ajili ya kuishi, wala si kwa ajili ya ada. Ndiyo maana navutiwa zaidi na ruzuku ya jimbo la Washington iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, inayotazama kipato cha familia badala ya kusubiri Pell imalize. Ni ghali zaidi kwa jimbo, na hilo ndilo linalowatisha wabunge wa kwingine.

New York ina sharti la aina yake. Ufadhili wa Excelsior, ulioanza mwaka 2017, humtaka aliyenufaika aishi jimboni baada ya kuhitimu kwa miaka ileile aliyolipiwa, na kama anafanya kazi, aifanye humo humo. Akihama mapema, alichopewa kinageuka mkopo. Wapo wanaosema ni haki: kwa nini walipa kodi wa New York wamsomeshe mtu kisha akajenge jimbo jingine? Wengine wanaona ni kamba mguuni mwa kijana anayetafuta ajira popote itakapopatikana. Mimi sina ugomvi na sharti lenyewe. Tatizo langu ni kwamba lipo kwenye karatasi ambayo mwenye miaka 18 huisaini bila mtu kukaa naye.

Sasa mkopo wenyewe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa wengi wetu methali hiyo inatosha kufunga mjadala. Kwa mikopo ya serikali kuu, nadhani inatufunga macho kidogo. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaruhusiwa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kila mwaka unaofuata, na jumla isizidi 31,000. Katika zile 5,500 za mwanzo, zisizozidi 3,500 zinaweza kuwa za aina ambayo serikali hubeba riba wakati anasoma. Zinazobaki riba yake huanza siku ileile: kwa kiwango cha 2025–26, ambacho ni asilimia 6.39, dola 2,000 huzaa karibu dola 128 kwa mwaka. Haya si maji ya kumzamisha mtu mwenye shahada na kazi. Na kijana anayeogopa mkopo mdogo kiasi cha kufanya kazi saa 40 kwa wiki huku akisoma, mara nyingi hupoteza shahada yenyewe.

Anayezama ni yule aliyekopa asihitimu. Kwa muda mrefu imejulikana kwamba wanaoshindwa kulipa si hasa wenye madeni makubwa. Ni wenye madeni madogo walioacha chuo njiani, ambao mshahara haukupanda lakini barua za madai zinafika. Na deni hili halifutwi kirahisi hata mahakamani kwa kufilisika. Hapa ndipo ule mstari wa 3.0 unaponiudhi zaidi, kwa kuwa unamwongezea mzigo mwanafunzi katika wakati ule ule anaoonyesha dalili za kuelemewa.

Kwa familia za Kiislamu kuna uzito mwingine. Riba kwao ni haramu, si suala la asilimia, na hata mkopo usiozaa riba wakati wa masomo utazaa baadaye. Kijana wa familia hiyo akikatiwa ufadhili huenda akakosa pa kuegemea, akaacha chuo. Wanaotunga masharti ya majimbo sidhani kama wamewahi kumfikiria.

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani wanahitaji kujua pia kwamba uraia si sharti pekee. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria, aliyepewa hifadhi, na mwenye kadi ya kijani wanaweza kuomba Pell na mikopo ya serikali kuu. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hawezi. Majimbo yana masharti yao ya ukaazi, mara nyingi miezi 12, na hayo nayo hubadilika na siasa: Texas iliwaruhusu vijana wasio na hati za uhamiaji kulipa ada nafuu ya wakaazi tangu mwaka 2001, na Juni 2025 ruhusa hiyo ikaondolewa kwa amri ya mahakama saa chache tu baada ya serikali kuu kufungua kesi.

Masharti yanabanwa upande wa mikopo pia. Kuanzia Julai 2026, mzazi anayekopa kwa mara ya kwanza kupitia mpango wa serikali kuu atawekewa ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Wanaopongeza wanasema vyuo havitapandisha tena ada kwa kutegemea saini za wazazi. Wanaolalamika wanasema atakayepungukiwa atakwenda kwenye mikopo ya benki, yenye huruma ndogo zaidi. Wote wana sehemu ya ukweli. Linalofuata kutokana na hoja zote mbili ni kwamba ufadhili wa jimbo utabeba mzigo mkubwa kuliko zamani, na masharti yake yatauma zaidi.

Sitaki alama zifutwe kuwa kigezo. Nataka mteremko badala ya jabali: mwenye 2.9 apate sehemu kubwa ya alichokuwa akipata, mwenye 2.7 apungukiwe zaidi, na apewe mihula miwili ya kujirudi kabla ya kukatwa. Na mwenye Pell kamili apate angalau kitu kutoka jimboni cha kumpunguzia kazi za usiku. Inawezekana. Florida ilikuwa ikidai saa za kujitolea tu kwa anayetaka Bright Futures. Mwaka 2022 ikakubali kwamba saa 100 za kazi ya mshahara nazo zihesabiwe. Binti aliyekuwa akisimama nyuma ya kaunta kila jioni ili asaidie nyumbani, saa zake zikaanza kuwa na thamani kwenye fomu.