Msanii mpya mwenye albamu sita

Mpwa wangu ana miaka 14 na haoshi vyombo bila Sabrina Carpenter. Simu anaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia pale kando ya sinki, na sufuria haziishi mpaka "Espresso" ipigwe mara tatu. Siku moja nikamuuliza, "Huyu si ndiye Maya?" Akageuka na povu mikononi. "Maya gani, anti?"

Nikajua nimezeeka. Sisi tuliokuwa na DStv nyumbani, au tuliokuwa na jirani mwenye DStv, tuseme ukweli, tulimjua binti huyu kama Maya Hart, yule rafiki mtundu wa Girl Meets World. Kipindi hicho cha Disney Channel kilianza 2014 kikafungwa 2017. Kwetu alikuwa mtoto wa kwenye runinga ambaye pia huimba kidogo. Kwa mpwa wangu ni mwimbaji, basi, hana historia nyingine.

Na wala si mpwa wangu peke yake. Kwenye tuzo za Grammy za Februari 2025, Sabrina aliwekwa katika kundi la msanii mpya bora. Mpya! "Short n' Sweet", iliyotoka Agosti 2024, ilikuwa albamu yake ya sita. Najua kanuni zao zinaruhusu: hawaulizi ulianza lini kuimba, wanaangalia ni lini umma umeanza kukujua. Ila mtu anayefanya kazi moja kwa miaka kumi kisha anaitwa mgeni mlangoni ana haki ya kucheka. Tuzo hiyo ilikwenda kwa Chappell Roan, ambaye naye alishaachwa na kampuni moja ya kurekodi kabla dunia haijamsikia. Sabrina akaondoka na mbili nyingine, ya albamu bora ya pop na ya wimbo wa pop wa mwimbaji mmoja.

Tuitazame basi hiyo miaka kumi. Albamu yake ya kwanza, ya 2015, ilifika namba 43 kwenye chati ya Billboard. Ya pili ikapanda hadi 28. Ya tatu ikaishia 103, ya nne 138. Huyo ni msichana anayezidi kuimba vizuri huku wasikilizaji wakipungua. Zote nne zilitolewa na Hollywood Records, na Hollywood Records ni mali ya Disney. Aliyemwajiri kuigiza ndiye aliyetoa nyimbo zake, na ndiye aliyekuwa na redio ya watoto ya kuzipiga. Hata wimbo wa kufungulia kipindi aliuimba yeye na mwenzake Rowan Blanchard. Raha ya mpango huo ni kwamba hukosi kazi. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba anawauzia watoto, na mtoto akikua huhama chaneli, wakati wewe uliyekua naye umeachwa palepale sebuleni na mikataba yako.

Halafu watu husema "mwigizaji aliyehamia muziki". Kwa Sabrina hilo ni kuisoma hadithi kutoka mwisho. Akiwa na miaka kama kumi hivi, kabla ya Disney, alishika nafasi ya tatu kwenye shindano la kuimba lililoandaliwa kwa jina la Miley Cyrus, nyota mwingine wa Disney. Baba yake alimjengea studio nyumbani. Kuimba ndiko kulikotangulia. Uigizaji ulikuwa mlango uliofunguka kwanza, naye akaingia.

Miley mwenyewe alipotaka kutoka katika nyumba hiyohiyo aliipiga teke. Hannah Montana, kipindi chake cha Disney, kiliisha mapema 2011, na kufikia 2013 alikuwa amekata nywele na kufanya vituko jukwaani ambavyo wazazi wa dunia nzima walivijadili wiki nzima. Simlaumu. Lakini Grammy yake ya kwanza ilikuja Februari 2024, kwa "Flowers", wimbo mtulivu wa mwanamke mzima, muda mrefu baada ya kelele kwisha.

Sabrina hakuvunja chochote. Mwanzoni mwa 2021 alihamia Island Records, na pale, kwa maoni yangu, akafanya jambo la akili kuliko yote: alimrudisha Maya kazini. Sikilizeni "Nonsense", ya albamu ya 2022. Ule wimbo ulikuwa wa kawaida tu, hadi alipoanza kubadilisha mistari ya mwisho kila usiku. Akiwa mji huu anachomekea utani wa mji huu, kesho mji mwingine, utani mwingine, mwingi wake haufai kusikilizwa ukiwa na mama mkwe. Watu wakaanza kungoja mistari ile kuliko wimbo wenyewe. Tazama uso wake anapofika pale: anatulia nukta moja, macho yanakuwa ya mtoto asiyejua kitu, halafu anaachia mstari mchafu kwa sauti safi kabisa. Kutulia kule hakufundishwi studio ya muziki. Ni ufundi wa mtu aliyekulia kwenye vichekesho vya runinga, anayejua kicheko kinaanzia wapi na kinahitaji nafasi kiasi gani.

"Espresso" na "Please Please Please" zimejengwa kwa ufundi huohuo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ameutupa utoto wake. Ameuhamisha tu kwa bosi mwingine.

Jalada la albamu ya 2025, lile amepiga magoti na kushikwa nywele, sikulipenda. Naona ni utani uliokosa kicheko. Ila wale wanaolalamika kwamba "anaharibu watoto" wanamdai nini? Mwaka ule alitimiza miaka 26. Deni wanalomdai ni la Maya. Huku Kenya tunalijua sana deni hilo. Muulize yeyote aliyeigiza Machachari, kile kipindi chetu cha runinga, akiwa mtoto. Ana ndevu, ana familia, na mtaani bado anaitwa kwa jina la kwenye kipindi, kama Baha.

Juzi nikataka kumfundisha mpwa wangu historia. Nikamfungulia "Thumbs", ya enzi za Disney, nikamwambia asikilize mtu aliyekuwa tayari anajua kazi kabla hata hajafika miaka 18. Akasikiliza, kwa heshima, kama nusu dakika.

"Ni yeye huyuhuyu?"

"Ni yeye."

"Sawa, anti," akasema, akapangusa kidole kwenye sketi na kurudisha "Espresso".