Tuzo za filamu: anayepiga kura ameiitazama filamu?

Mwezi Aprili 2025 Akademi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar ilitangaza sharti jipya: mwanachama hatapiga kura ya mwisho katika kipengele chochote mpaka awe ametazama filamu zote zinazowania kipengele hicho. Wengi tulioipata habari hiyo tulijiuliza: kumbe siku zote haikuwa hivyo? Tuzo hizi zilianza kutolewa mwaka 1929. Kwa miaka mingi mtu aliweza kuchagua mwigizaji bora kati ya watano akiwa ameona kazi za wawili tu, na kura yake ikahesabika sawa na ya aliyekesha akitazama zote tano.

Kila matokeo yanapotoka, huko Marekani au hapa kwetu, tunabishana kama filamu fulani ilistahili. Mimi naona kabla ya kufika huko tuulize nani alipiga kura, alitazama nini, na kura zilihesabiwaje. Hayo yakifichwa, ubishi wote wa ubora ni kelele.

Tuwatendee haki Waoscar kwanza. Wanachama wao ni watu wa kazi, maelfu kwa maelfu, na mchujo wa mwanzo hufanywa na wenye fani: wahariri huteua wahariri, waigizaji huteua waigizaji. Hilo ni jambo zuri. Anayejua shida ya kukata picha usiku kucha ndiye anayeiona kazi nzuri ya uhariri, ambayo mtazamaji wa kawaida haioni kabisa. Lakini kwenye duru ya mwisho wanachama wote hupigia vipengele vyote, na hapo mbunifu wa mavazi anaamua sauti ipi ni bora. Kwa filamu iliyotazamwa nje ya mtandao wa Akademi, mwanachama hujaza fomu kueleza aliiona wapi na lini. Bado ni suala la uaminifu, lakini ni hatua.

Kuna na hesabu. Katika vipengele vingi vya Oscar anayeongoza ndiye mshindi, hata kama hajafika nusu. Wakiwania watano, mtu anaweza kushinda akiwa na kura 21 tu kati ya 100. Filamu Bora ina utaratibu wake, ambao umerudi tangu tuzo za filamu za mwaka 2009, zilizotolewa 2010: mpiga kura hupanga filamu kwa mapendeleo, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tuseme wapiga kura ni 100 na filamu ni tatu. Ya kwanza imepata 40, ya pili 35, ya tatu 25. Hakuna iliyovuka nusu, kwa hiyo ya tatu inatolewa na kura zake 25 zinakwenda kwa chaguo la pili la kila mpiga kura. Kama 20 kati yao waliandika filamu ya pili na 5 wakaandika ya kwanza, ya pili inafika 55 na kunyakua tuzo, ingawa ilianza nyuma.

Je, ni haki? Anayetetea atasema mshindi ni filamu inayokubalika na wengi zaidi, na kundi dogo lenye mapenzi makali haliwezi kuwaburuta wenzake. Anayepinga atasema kwa njia hiyo filamu yenye uthubutu, inayopendwa sana na kuchukiwa sana, huangushwa na filamu isiyomuudhi mtu. Wote wawili wana hoja. Ninachokilalamikia mimi ni kwamba Akademi haitangazi idadi ya kura, kwa hiyo mwaka wowote ule hatujui mshindi alipita kwa mlango upi.

Kwetu mjadala ni mwingine: majaji au mashabiki? Tuzo za chaneli ya televisheni ya Africa Magic, zilizoanza 2013, zimekuwa zikigawa vipengele, vingine vya jopo na vingine vya kura za watazamaji. Kalasha, tuzo za filamu na televisheni za Kenya, nazo huwashirikisha majaji na umma. Msimu ukifika tunaujua: mwigizaji anaposti picha yake yenye jina la kipengele, chini ameandika "pigeni kura familia, link ipo kwenye bio", na mashabiki wanarushiana kwenye status za WhatsApp. Wangapi kati yao wameiona filamu yenyewe? Mwenye wafuasi milioni mbili na mwenye wafuasi elfu nne hawashindani kwa uigizaji hapo.

Hata hivyo sitaki kuwabeza watazamaji. Bongo Movie ilijengwa na watu walionunua DVD Kariakoo na kukaa sebuleni na majirani, bila ruzuku ya maana kutoka popote. Umati uliofurika viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, Aprili 2012 kumuaga marehemu Steven Kanumba, mwigizaji, ulikuwa hukumu ya kisanaa pia, na hakuna jopo lililowahi kumpa mtu heshima ya namna ile. Anayesema wananchi hawajui filamu nzuri amekosa adabu, tena amekosea.

Lakini kura za wingi zina ukomo ambao mapenzi hayawezi kuuvuka. Mwaka 2021 jopo la FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, lilimpa tuzo kuu Khadar Ayderus Ahmed kwa filamu yake ya Kisomali kuhusu mchimba makaburi anayetafuta fedha za kumtibu mkewe. Kwa kura za simu, filamu ya Kisomali ingesimamaje mbele ya filamu yoyote ya Nigeria, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200? Ilihitaji watu wachache waketi ukumbini, waitazame mwanzo hadi mwisho, kisha wabishane uso kwa uso. Kwa hili nasimama upande wa jopo, nikijua ubaya wake: tasnia zetu ni ndogo, jaji wa leo aliigiza na mshindani jana, na kesho atamwomba kazi.

Tena kuna mchujo unaofanyika kabla jaji yeyote hajakaa. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, "Rafiki", ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na nyumbani ikapigwa marufuku kwa kuwa ilihusu mapenzi ya wasichana wawili. Ili nchi iweze kuipeleka Oscar, ilipaswa kuonyeshwa nyumbani kwa siku saba mfululizo. Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku hizo saba, kumbi za Nairobi zikajaa, na mwishowe kamati ya Kenya ikaipeleka "Supa Modo" ya Likarion Wainaina. "Supa Modo" ni filamu nzuri na haikumwibia mtu. Ila bila amri ya jaji wa mahakama, kamati isingekuwa hata na la kuchagua kati ya hizo mbili.

Ningependa waandaaji wa tuzo zetu wafanye mambo mawili yasiyo na gharama. Tuzo ya kura za mashabiki iitwe hivyo waziwazi, Chaguo la Watazamaji, itolewe kwa heshima kamili na isichanganywe na alama za majaji kwa asilimia zisizoeleweka. Na jopo liandike aya moja kwa kila kipengele, lieleze kwa nini huyu kashinda, majaji waweke majina yao chini, na jaji mwenye kazi na mshindani akae pembeni. Mtayarishaji aliyeuza kiwanja atengeneze filamu anastahili kujua kama aliangushwa na skripti au na sauti iliyorekodiwa karibu na jenereta, ili ajue kazi ijayo fedha yake aielekeze wapi.