Koma zimezidi, ati!

Jamani hii BibTeX, programu ya kupanga marejeo ya tasnifu, nani aliikosea? Unapesti majina ya waandishi kama yalivyo kwenye pepa, yana koma zake safi kabisa, yenyewe inakufokea ati koma zimezidi kwenye jina. Inataka "and" kati ya kila mtu na mwenzie! Sasa ile pepa ya fizikia ya 2015 ya uzito wa chembe ya Higgs ina waandishi 5,154, niandike "and" mpaka Kiyama? Kurasa 33, 24 ni majina na vyuo vyao tu! Halafu msimamizi anataka mtindo wa marejeo wa APA, waandishi wakizidi 20 unaweka 19 wa kwanza, nukta tatu, kisha wa mwisho. Huyo wa mwisho kamzidi nini wa 20? Au ndo mwenye maabara? Wenzangu wa tasnifu mko wapi, tulie wote